Nani Alimpa Kweche Mkia Mrefu?

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Sauti gani hiyo ya watu waliolala? Paukwa!"

"Pakawaaa!"

"Haya, sasa nimewasikia. Hata mbuzi zizini wamewasikia."

Shangazi Tusekile akasogeza kuni mafigani, moto ukashika. Watoto wa kaka yake walikuwa wamemzunguka: Atupele, msichana wa maswali mengi, Lwitiko, mvulana anayecheka kabla kichekesho hakijafika, na Ambokile mdogo, ambaye alishapata nafasi yake mapajani kwa shangazi na hakuwa na nia ya kuiacha. Mchana walikuwa shambani wakifukuza ndege kwenye ulezi. Wakamwona kweche dume, mweusi tii, akiruka juu ya majani, mkia umemfuata nyuma kama utepe. Atupele akauliza ni nani aliyempa kandege kadogo vile mkia mrefu vile. Shangazi akasema swali hilo linataka moto, lisubiri jioni. Basi jioni ikawa imefika.

Hapo kale, akaanza Shangazi, kale hata milima ilikuwa bado haijajua majina yake, palikuwa na bonde la nyasi ndefu. Nyasi kweli kweli. Angeingia baba yenu mle, msingeona hata kofia yake. Na katika bonde hilo waliishi kweche. Wakati huo kweche wote walikuwa sare. Dume rangi ya majani makavu, jike rangi ya majani makavu. Dume mkia mfupi, jike mkia mfupi.

"Walijuanaje sasa?" akauliza Atupele.

Kwa kuimba, na kwa kucheza. Mvua zikishanyesha na nyasi zikirefuka, kila dume alitafuta sehemu yake. Akazikanyaga nyasi, akazilaza, akapata kiwanja kidogo cha mviringo. Hapo akawa anarukaruka, juu, chini, juu, chini, ili majike wamwone. Na majike wakapita juu kiwanja kwa kiwanja, wakiimba:

*Ruka nikuone,*
*juu nikuone,*
*upepo ukija, nao nikuone.*

Haya, mniitikie tukifika kwenye huo wimbo. Nikisema "ruka", nyinyi semeni "nikuone".

Karibu na bonde aliishi Kobe. Kobe, kama mjuavyo, huishi miaka mingi sana, na kweche huishi michache. Kwa hiyo Kobe huyo huyo mmoja aliyaona yote nitakayowaambia, toka mwanzo mpaka mwisho. Msidhani alikuwa na busara, la. Alikuwa mbishi, mlalamishi, na mambo ya ndege yalimshinda kabisa. Lakini aliwapenda. Kila kweche jike alimwita mjukuu, nao wakamwita Babu Kobe, na wakatua mgongoni mwake kumtoa kupe.

Mwaka mmoja alizaliwa kweche dume ambaye manyoya mawili ya mkia wake yalizidi kidogo. Yalizidi kwa urefu wa ukucha wangu huu tu. Wakamwita Kishungi. Mama yake alimtazama akasikitika. "Mwanangu," alisema, "umetokea wapi na hivi vitu?" Ndugu zake hawakusikitika, wao walicheka. Kila asubuhi walimuuliza, "Kishungi, leo umefagia wapi?"

Lwitiko akaangua kicheko. "Umefagia wapi!"

Ndivyo hivyo hivyo walivyocheka. Na Kishungi akawa anacheka nao, lakini rohoni aliumia. Siku ya kwanza ya michezo, jirani yake alikuwa Bonge. Bonge alikuwa na kifua kipana na kiwanja kizuri karibu na maji, na hakuna aliyemcheka. Kishungi akajitazama. Akasema, "Nitayang'oa. Nikiyang'oa nitakuwa kama wenzangu." Akageuza shingo, akalishika nyoya moja kwa mdomo, akafumba macho, akaanza kuvuta.

"Acha! Acha, usivute!"

Akafumbua macho. Mbele yake ametua kweche jike, anahema kama aliyekimbia. Jina lake Tulivu, ingawa siku hiyo hakuwa mtulivu hata kidogo.

"Nimetoka ng'ambo ile ya bonde," alisema Tulivu. "Nimewatazama madume wote. Wanaruka, wakitua tu nyasi zinawameza, sijui tena nani ni nani. Ila wewe. Wewe ukiruka kuna kitu kinabaki hewani nyuma yako. Nikakifuata hicho. Ukikiondoa, nikikupoteza nitakupataje tena?"

Kishungi akasema kwa sauti ndogo, "Wenzangu wanasema nafagia."

"Fagia basi, nikuone."

Kishungi akaruka. Tulivu akaimba, ruka...

"Nikuone!"

Juu...

"Nikuone!"

Upepo ukaja kweli, ukayapeperusha yale manyoya mawili, Kishungi akayumba, akajishika, akaruka tena. Aliruka mpaka jua likapanda. Bonge alikuwa ameshachoka kitambo, amekaa anatafuna mbegu. Basi Tulivu akamchagua Kishungi. Na majike wengine walipoona Tulivu amekaa pale, nao wakaanza kusogea kumtazama huyo anayefagia.

Babu Kobe alimuuliza, "Mjukuu wangu, Bonge ana maji na ana kifua. Umeona nini kwa huyu mwenye ufagio?"

"Sijui, Babu. Jicho langu limempenda."

"Jicho!" alisema Kobe. "Jicho ni sababu?" Akaingiza kichwa ndani kwa hasira.

Tulivu akajenga kiota chini, katikati ya nyasi, akataga, akalalia.

"Na Kishungi alilalia?" akauliza Atupele.

Hakulalia hata siku moja. Kweche dume hajui yai. Kazi yake kucheza.

"Kama Anko Mwakasege!" akasema Lwitiko.

Shangazi akajitahidi asicheke, akashindwa. Ukimwambia nimesema mimi, nitakukana. Haya. Mayai yakaanguliwa. Na sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo hadithi inapogeukia. Watoto wa kiume walichukua mkia wa baba. Watoto wa kike walichukua jicho la mama. Wavulana wakakua na manyoya yaliyozidi. Wasichana wakakua wakipenda manyoya yaliyozidi. Na wale watoto wa Bonge? Walikuwepo, walikuwa wazuri tu, ila waliruka na hakuna aliyewaona. Mwaka hadi mwaka wakapungua.

Mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha. Kweche wakazaliwa, wakafa, wakazaliwa wengine. Kila mwaka majike walichagua mkia uliozidi kidogo, na kila mwaka mikia ikazidi kidogo. Ikafika urefu wa kidole. Ikafika urefu wa kiganja. Madume waliokuwa na rangi ya giza kidogo walionekana zaidi juu ya majani mabichi, wakachaguliwa, kwa hiyo nayo rangi ikakolea, ikakolea, mpaka madume wakawa weusi. Hakuna kweche hata mmoja aliyeona mabadiliko hayo. Yalikwenda polepole mno. Kobe peke yake aliyaona.

Basi katika wakati huo akazaliwa Kidoti, jike, kitukuu cha vitukuu vya Tulivu. Kidoti alikwenda kunywa maji kwenye dimbwi, akajiona. Kahawia. Michirizi kama majani makavu. Mkia mfupi. Akainua macho, akawaona madume wanaruka, weusi wanang'aa, mikia inapepea. Akasema, "Mimi nimenyimwa. Wao wamepewa kila kitu."

"Kweli amenyimwa," akasema Atupele, uso ameukunja. "Si haki."

Ngoja kwanza. Kidoti naye aliona si haki. Lakini hakukaa akalia. Alitafuta majani marefu meusi ya ukoka uliooza majini, akayasuka, akayafunga mkiani. Akajitazama dimbwini, akajipenda. Akarudi kukaa juu ya mayai yake, mkia wake mpya umetokeza nje ya kiota, unacheza na upepo.

Babu Kobe akapita. "Mjukuu wangu, una nini huko nyuma?"

"Mkia, Babu. Nami nina haki."

"Haki unayo. Lakini mimi nimekuona kutoka kule kwenye jiwe, na macho yangu ni mabovu."

Hakumaliza. Kivuli kilipita juu ya nyasi. Kipanga! Alikuwa akizunguka angani tangu asubuhi, haoni kitu, maana kweche jike akitulia chini ni jani kavu tu. Siku hiyo aliona kitu cheusi kinatikisika. Akashuka kama jiwe.

Ambokile akajificha uso kwenye kitenge cha shangazi.

Kipanga akashika. Lakini kucha zake zilishika ule mkia wa majani. Kidoti akajibana chini kwa nguvu zake zote, juu ya mayai yake, akafumba macho. Kipanga akavuta, fundo likafunguka, akapaa na majani kuchani, hana nyama. Kidoti akafumbua macho. Akainuka akatazama chini. Mayai yalikuwa mazima, ila moja lilipasuka.

Alilia sana. Kobe alikaa naye. Alikaa tu, mgongo wake ukiwa ukuta upande wa upepo. Kidoti alipotulia aliuliza, "Babu, nani aliyewapa wao uzuri wote, sisi akatupa rangi ya vumbi?"

Kobe akashangaa. "Nani? Si nyinyi?"

"Sisi nani?"

"Nyinyi majike. Mimi nilikuwepo. Mikia yao ilikuwa mifupi kama huu wangu." Akamwonyesha mkia wake, na mkia wa Kobe ni kama kidole gumba cha Ambokile. "Akaja bibi wa mabibi zako, Tulivu, akasema jicho langu limempenda mwenye ufagio. Binti yake akasema hivyo hivyo. Na binti wa binti yake. Nikawaambia wanapoteza wakati. Leo nikitazama, kila kinachong'aa pale juu mmekipenda nyinyi kwanza ndipo kikawepo. Na hiyo rangi yako, ndiyo iliyowalinda mabibi zako wote wasionekane na Kipanga, mpaka wewe ukaanguliwa. Sasa niambie nani amenyimwa, maana mimi sielewi."

Kidoti akainua macho kwenye viwanja. Kisha akauliza, "Kwa hiyo yule mweusi kule anaruka vile kwa sababu yetu?"

"Hana sababu nyingine. Maskini, kutwa nzima."

Kidoti akafuta machozi kwa bawa. "Basi mwakani nitataka na rangi nyekundu shingoni."

"Nyekundu!" alisema Kobe. "Ya nini tena?"

Lakini mwaka uliofuata, Kidoti alipita kiwanja kwa kiwanja, ruka...

"Nikuone!"

...mpaka akampata dume mwenye alama ya wekundu kooni, ndogo kama tone la damu. Akamchagua. Watoto wa kiume walichukua...

"Mkia wa baba!"

Na shingo yake. Watoto wa kike walichukua...

"Jicho la mama!"

Atupele alikuwa amekunjua uso. "Na maua, Shangazi? Maua nayo yanachaguliwa?"

Maua nayo. Ua haliwezi kutembea kwenda kuposa, kwa hiyo linahitaji mshenga. Mshenga ni nyuki. Nyuki hupita ua kwa ua, na ua linalomvutia zaidi ndilo linalomchafua miguu kwa unga wake, akaubeba mpaka kwa mwenzake. Ua ambalo nyuki hakuliona halizai mbegu. Ndiyo maana mbegu tulizo nazo zote ni za maua yaliyopendwa na nyuki. Ila hiyo ni hadithi ya nyuki, na mimi niko kwa kweche. Paukwa!

"Pakawa!"

Miaka ikapita mingine mingi, na majike wakasahau kiasi. Walisema tu, mrefu zaidi. Mkia wa kiganja haukutosha, wakataka wa kiganja na nusu. Huo nao haukutosha. Ndipo akazaliwa Mburuzo.

Mburuzo alikuwa na mkia ambao haujaonekana kabla yake. Mweusi, wa kupinda, mrefu kuliko yeye mwenyewe mara nyingi. Akiruka, mkia ulichelewa kumfuata, ukamfuata, ukashuka kama maji yanayomiminwa. Majike walijaa kiwanjani kwake. Hakuwa na majivuno. Alikuwa mpole, na kila aliyemwambia ruka, aliruka.

Miongoni mwa majike alikuwepo Faraja. Faraja alimpenda. Alikuja mapema kabla ya wengine, umande haujakauka, akamkuta Mburuzo anatembea kwa miguu, anauburuza mkia katika majani.

"Mbona huruki?"

"Umejaa maji," alisema Mburuzo, akicheka kidogo. "Jua likitoka nitaruka. Usiwaambie wenzako."

"Unakuumiza?"

"Unanichosha. Lakini wewe unaupenda?"

Faraja akasema ukweli. "Naupenda."

"Basi si kitu."

Siku hiyo mawingu yalifunga toka asubuhi. Majike wakaja, wakakaa kwenye mabua, wakaanza kuimba, ruka...

"Nikuone," wakasema watoto, lakini kwa sauti ndogo.

Mburuzo akaruka. Mvua ikaanza. Wakaimba, juu nikuone. Akaruka. Faraja aliona kifua chake kinavyopanda na kushuka. Alitaka kusema basi, inatosha, lakini wenzake wote walikuwa wanaimba, naye akanyamaza. Ndipo kivuli kikapita. Majike wakaanguka ndani ya nyasi, wakawa majani makavu. Madume wengine wakatawanyika. Mburuzo akapiga mabawa, akainuka. Akapiga tena. Mkia ulikuwa mzito, umelowa maji, ukamvuta chini.

"Asife, Shangazi," akasema Ambokile kutoka ndani ya kitenge. Lilikuwa neno lake la kwanza jioni nzima.

Shangazi akamshika kichwa. Akasogeza ukuni mmoja, moto ukalia.

Alikufa, mwanangu. Kipanga alimchukua. Kipanga naye alikuwa na makinda, hakumchukua kwa chuki. Mvua ikaendelea kunyesha juu ya kiwanja chake.

Faraja hakwenda kwenye viwanja tena kwa siku nyingi. Alikaa mgongoni kwa Kobe. Alimwambia, "Babu, tulimwambia aruke." Kobe akamjibu, "Na alipenda kuruka." Wakakaa hivyo.

Lakini msimu haumsubiri mtu, wala ndege. Nyasi zilikuwa ndefu, wakati wa kujenga viota ulikuwa unapita. Kulikuwa na dume mwingine, Tambo, mwenye mkia mrefu na ukosi mwekundu, ila si mrefu kama wa Mburuzo. Alikuwa akiruka upande wa pili siku zote, hakuna aliyekuwa akimtazama. Jua lilikuwa linawaka vizuri. Faraja akaenda, akatua.

Tambo akafurahi, akajinyoosha. "Niruke?"

"Usiruke leo," alisema Faraja. "Nitakuja mvua ikinyesha."

Tambo akashangaa. Hakuna jike aliyewahi kusema hivyo. Majike wengine walicheka: nani anakwenda kutazama mchezo kwenye mvua? Lakini mvua iliponyesha Faraja alikuja, peke yake, maji yanamtiririka mdomoni. Akakaa kwenye bua, akamwangalia. Hakuimba. Tambo akatazama juu, akatazama mkia wake uliolowa, akakusanya nguvu. Akaruka. Mkia ukamvuta. Akapiga mabawa, ukainuka, ukakatiza mvua, akafika juu kabisa, akashuka. Akaruka tena. Akaruka tena. Na alipotua mara ya mwisho, alikuwa bado ana pumzi ya kuimba.

Faraja akashuka kutoka kwenye bua, akaenda kusimama karibu naye.

Toka mwaka ule mikia ya kweche ilisimama pale pale ilipofika. Mwenye mfupi haonekani. Mwenye mrefu kupita kiasi Kipanga humwona kabla hajapata watoto. Anayebaki ni yule anayeweza kuubeba. Na mvua zikikatika, msimu ukiisha, kweche dume huangusha mkia wake wote, weusi wake humtoka, anavaa kahawia kama mkewe. Kiangazi kile Tambo na Faraja walikula mbegu pamoja katika kundi moja, na ungepita pale usingejua nani ndiye nani.

Babu Kobe alipita. Aliwatazama sana, ndipo akamtambua Faraja kwa sauti yake.

"Mjukuu wangu," alisema, "nimewauliza mabibi zako wote, nao wote wameniambia habari ya jicho. Wewe ulimtazama nini huyu?"

"Nilitazama mkia, Babu," alisema Faraja. "Mkia mzuri bado naupenda. Halafu nikatazama na pumzi yake."

Kobe akafikiri. Akafikiri mpaka ng'ombe wakarudi. Kisha akasema, "Hiyo nimeielewa," na akaenda zake.

Basi wanangu, mafunzo yake ni haya. Mtu anayetazama tu kimya pembeni naye anaunda kitu. Unachokipenda leo ndicho watakachozaliwa nacho wajukuu zako, kwa hiyo kipende ukiwa umefumbua macho yote mawili. Na mkimwona kweche mweusi anajirusha juu ya ulezi, msimtazame yeye peke yake. Tazameni chini, kwenye majani. Kuna wa kahawia amekaa, anamwangalia.

Hadithi yangu imefika kwao, imevua viatu. Aliye na yake na aivalishe.